Upana Si Ukubwa: Jinsi ya Kuteua Kiwambo Kipana cha Michezo ya Tarakilishi

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haina nguvu nyingi ndani ya duka la vifaa vya tarakilishi, kwa maana humo kila kitu hujitembeza, kizuri kwa kibaya. Kila kiwambo huwashwa, kikaonyesha samaki wa rangi na milima yenye theluji, kisha kikabandikwa karatasi yenye tarakimu kadha wa kadha: inchi 27, inchi 34, hezi 144, milisekunde 1, 21:9. Mnunuzi asiyefunzwa kuzisoma tarakimu hizo hubaki na kigezo kimoja tu, nacho ni jicho. Jicho nalo hupenda kilicho kipana.

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, uteuzi huu si jambo la mzaha. Kiwambo hununuliwa kwa fedha zilizodunduizwa muhula baada ya muhula, aghalabu kutokana na vibarua vya wakati wa likizo, na huenda kisinunuliwe kingine hadi siku ya kuhitimu. Atakayekosea ataishi na kosa lake. Isitoshe, kiwambo hicho hicho kinachochezewa usiku ndicho kitakachoandikiwa tasnifu kunapopambazuka.

Makala haya yananuia kufafanua maana ya tarakimu hizo na kuonyesha mpangilio wa kuzizingatia. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba upana ni uwiano wala si ukubwa, na kwamba ni sifa inayofaa kuamuliwa mwisho, baada ya mnunuzi kujua uwezo wa tarakilishi yake, tabia ya michezo anayoipenda, na nafasi aliyo nayo mezani. Katika mjadala huu, neno kiwambo limetumiwa kwa maana ya kifaa kizima kinachoonyesha picha, upana kwa maana ya kipimo cha kutoka kushoto hadi kulia, na kimo kwa maana ya kipimo cha kutoka chini hadi juu.

CHIMBUKO LA UPANA

Umbo la kiwambo halikuanza na tarakilishi. Mwishoni mwa karne ya 19, katika maabara ya Thomas Edison nchini Marekani, William Dickson aliipa picha ya filamu uwiano wa 4:3, yaani sehemu nne za upana kwa sehemu tatu za kimo. Runinga ilipoingia majumbani ilirithi umbo hilo, na tarakilishi za mezani zikalirithi kutoka kwa runinga. Watengenezaji wa filamu walipoona watazamaji wao wanabaki nyumbani, walitafuta kitu ambacho runinga haikuweza kukitoa. Mwaka 1953 filamu ya The Robe ilionyeshwa kwa mfumo wa CinemaScope, ambao picha yake ilikuwa na upana uliozidi kimo mara mbili na zaidi. Tangu hapo upana ukahusishwa na fahari ya sinema.

Katika miaka ya 1980, wahandisi waliokuwa wakibuni mfumo mpya wa runinga walipendekeza uwiano wa 16:9, ambao umekaa katikati ya umbo la kale la runinga na lile la sinema pana. Viwambo vya tarakilishi vilifuata nyuma. Katikati ya miaka ya 2000 vilivyoenea ni vya 16:10, na kufikia takriban mwaka 2010 vile vya 16:9 vilikuwa vimetawala soko, kwa kuwa viwanda viliona ni nafuu kukata vioo vya runinga na vya tarakilishi kwa umbo moja. Katika mwongo uliofuata vikaja viwambo vipana mno vya 21:9, na hatimaye vya 32:9.

Historia hii ina funzo. Umbo la 16:9 halikuteuliwa kwa manufaa ya msomaji wala ya mchezaji, bali kwa manufaa ya filamu na ya kiwanda. Anayedhani kwamba kila hatua ya kuongeza upana ni hatua ya maendeleo kwa mchezaji ana sababu ya kusita kidogo.

INCHI NA HADAA YAKE

Kiwambo hupimwa kwa inchi, na kipimo hicho huchukuliwa kwa hanamu, yaani kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu upana wala kimo hadi uwiano ujulikane. Hapa ndipo wengi wanapopotoka.

Chukua viwambo viwili vya inchi 19. Cha kwanza ni cha 4:3 na cha pili ni cha 16:9. Cha kwanza kina upana wa takriban sentimita 38.6 na kimo cha sentimita 29. Cha pili kina upana wa sentimita 42 na kimo cha sentimita 23.7. Ukizidisha upana kwa kimo utaona kwamba eneo la kile cha kale ni sentimita mraba 1,118, ilhali la kile kipana ni takriban 995. Inchi ni zile zile, lakini kilicho kipana ni kidogo zaidi. Kadiri umbo linavyonyooshwa kuelekea pembeni ndivyo hanamu ileile inavyofunika eneo dogo. Hii ni hesabu ya pembetatu mraba ambayo kila mwanafunzi aliifanya katika shule ya upili, ila haiandikwi kwenye karatasi ya dukani.

Mfano wa pili unahusu viwambo vinavyouzwa zaidi kwa wachezaji. Kiwambo cha inchi 27 chenye uwiano wa 16:9 kina upana wa takriban sentimita 60 na kimo cha sentimita 33.6. Kile cha inchi 34 kinachotajwa kuwa cha 21:9 kina upana wa takriban sentimita 80 na kimo cha sentimita 33.4. Kwa maneno mengine, anayetoka inchi 27 hadi inchi 34 haongezi kimo hata kidogo. Ananunua sentimita 20 za pembeni tu. Vivyo hivyo, kiwambo cha inchi 49 chenye uwiano wa 32:9 ni sawa na viwambo viwili vya inchi 27 vilivyokaa bega kwa bega: kimo ni kile kile, na upana unakaribia sentimita 120. Swali la mnunuzi basi lisiwe kama inchi 34 ni nyingi kuliko 27. Swali ni kama sentimita hizo za pembeni zina kazi.

PIKSELI NA MZIGO WA KADI YA MICHORO

Picha ya kiwambo huundwa kwa vitone vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Idadi yake huandikwa kwa kuzidisha safu za upana kwa safu za kimo. Kiwambo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Cha 2560 kwa 1440 kina pikseli 3,686,400. Kile kipana cha 3440 kwa 1440 kina pikseli 4,953,600, na kile cha 3840 kwa 2160, ambacho wauzaji hukiita 4K, kina pikseli 8,294,400.

Tarakimu hizi ni mzigo, na mbebaji wa mzigo huo si kiwambo. Ni kadi ya michoro iliyomo ndani ya tarakilishi. Katika filamu, picha zote zimekwisha kutengenezwa na kazi ya tarakilishi ni kuzifungua tu. Katika mchezo hali ni tofauti, kwa maana hakuna ajuaye mchezaji atageukia wapi. Kila picha huchorwa upya papo hapo, pikseli kwa pikseli, makumi ya mara kwa kila sekunde. Anayeongeza pikseli humwongezea mchoraji huyo turubai pasipo kumwongezea mikono.

Tuseme tarakilishi fulani huchora picha 60 kwa sekunde kwenye kiwambo cha 1920 kwa 1080, na kadi yake imefika kikomo. Ikiunganishwa na kiwambo cha 3440 kwa 1440, itatakiwa kuchora pikseli mara 2.4 ya zile za awali. Si kila mchezo hushuka kwa kipimo hicho kamili, ila picha 60 zaweza kuporomoka hadi karibu 25 au 30, na mchezo uliokuwa ukitiririka ukaanza kukwamakwama. Mchezaji wa namna hii amelipa fedha nyingi ili mchezo wake uwe mbaya kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana inasisitizwa kwamba uteuzi uanze na kadi, wala usianze na kiwambo.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba mchezo unaweza kuagizwa uchore pikseli chache, kisha kiwambo kizitanue. Ni kweli, lakini picha iliyotanuliwa hivyo huwa na ukungu, kwa sababu pikseli moja hulazimishwa kujaza nafasi ya moja na nusu. Programu za kisasa zimepunguza tatizo hili. DLSS ya kampuni ya Nvidia, iliyoanza kuenea mwaka 2019, na FSR ya kampuni ya AMD, iliyotolewa mwaka 2021, huchora picha ndogo kisha hukisia kwa ustadi pikseli zilizosalia. Matoleo ya awali ya FSR yana faida ya kufanya kazi kwenye kadi za watengenezaji mbalimbali, hata baadhi ya zile za zamani. Hata hivyo, mbinu hizi ni mkongojo, wala si mguu wa pili. Humsaidia aliyekaribia kufika, wala hazimbebi aliye mbali.

Pikseli zikitapakaa juu ya eneo kubwa mno, nazo huonekana kwa macho. Kiwambo cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1080 kina pikseli 92 katika kila inchi, na maandishi yake husomeka bila taabu. Pikseli hizo hizo zikitandazwa juu ya inchi 27 hubaki 82 kwa inchi, na kingo za herufi huanza kuonekana zikiwa na meno. Viko pia viwambo vya inchi 34 vya bei nafuu vyenye pikseli 2560 kwa 1080, ambavyo msongamano wake ni huo huo wa 82. Mnunuzi akiona inchi 34 kwa bei ya kushangaza, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

MCHEZO UNAPOUKUBALI UPANA NA UNAPOUKATAA

Upana huwa na faida pale tu ambapo mchezo wenyewe umekubali kuutumia. Kuna njia tatu ambazo mchezo huweza kuupokea upana.

Njia ya kwanza ni kuongeza kinachoonekana pembeni huku kimo kikibaki kilivyo. Katika mchezo uliokuwa ukionyesha nyuzi 90 za mandhari kwenye kiwambo cha 4:3, kiwambo cha 16:9 kitaonyesha takriban nyuzi 106. Anayetoka nyuzi 90 katika 16:9 na kuingia kiwambo cha inchi 34 kilichotajwa hapo juu atapata takriban nyuzi 107. Hapa mchezaji ananufaika kwelikweli. Katika michezo ya mbio za magari humwona mpinzani anayetaka kumpita ubavuni, na katika ile ya urubani huona mbawa zote mbili. Katika ile ya kuongoza majeshi na miji huona sehemu kubwa ya ramani kwa mara moja.

Njia ya pili ni kukata juu na chini. BioShock ilipotolewa mwaka 2007, wachezaji wenye viwambo vipana waligundua kwamba wenzao wenye viwambo vya 4:3 walikuwa wakiona zaidi yao, kwani picha ilijazwa kwenye upana kwa kupunguzwa kimo. Malalamiko yalizuka, na watengenezaji wakalazimika kutoa marekebisho yaliyompa mchezaji hiari ya kuchagua. Kilichokuwa kipana kilikuwa kimenyimwa, wala hakikuwa kimeongezewa.

Njia ya tatu ni kukataa kabisa. Elden Ring, iliyotolewa mwaka 2022 na kupata sifa tele duniani, ilitoka ikiwa imefungwa katika uwiano wa 16:9 na katika picha 60 kwa sekunde. Aliyeicheza kwenye kiwambo cha 3440 kwa 1440 aliona pande mbili za giza, kushoto na kulia, zilizomeza takriban robo ya kiwambo chake. Aliyenunua hezi 144 kwa ajili ya mchezo huo naye hakupata zaidi ya 60. Michezo mingi ya zamani imo katika kundi hili. StarCraft ya mwaka 1998 iliundwa kwa pikseli 640 kwa 480, na ilibidi lisubiriwe toleo lililorekebishwa la mwaka 2017 ili upana uongezwe.

Kinaya kikubwa zaidi kinapatikana katika mchezo wa Counter-Strike. Wachezaji wengi wa kulipwa, ambao wangeweza kupata kiwambo chochote wakitakacho, hukaa mbele ya viwambo vya 16:9 vya ukubwa wa wastani, kisha huuagiza mchezo uchore picha ya 4:3 na kuitanua ijaze kioo. Hupoteza mandhari ya pembeni kwa hiari yao, ili adui aonekane mnene zaidi na kadi ichore kwa wepesi. Haimaanishi kwamba kila mtu awaige. Inadhihirisha tu kwamba katika mashindano, aliye na kiwambo kipana zaidi hana hakika ya kuwa mbele.

KASI: HEZI, MILISEKUNDE NA PICHA INAYOPASUKA

Hezi ni idadi ya mara ambazo kiwambo hubadilisha picha kwa sekunde moja. Cha hezi 60 huonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, cha hezi 144 kila milisekunde 6.9, na cha hezi 240 kila milisekunde 4.2. Ni vyema kutambua jinsi faida inavyopungua: kutoka 60 hadi 144 mchezaji huokoa karibu milisekunde 10, lakini kutoka 144 hadi 240 huokoa chini ya 3. Hatua ya kwanza huonekana na karibu kila mtu. Ya pili huhitaji jicho lililozoea na mkono mwepesi.

Hata hivyo, hezi nyingi hazina maana bila picha za kuzijaza. Kadi inayochora picha 50 kwa sekunde haitakuwa na kasi kwa kuunganishwa na kiwambo cha hezi 144. Aidha yapo mashindano yenye kasi iliyofungwa. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la kimchezo la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU kuwa mchezaji wa Tekken 7. Mchezo huo huendeshwa kwa picha 60 kwa sekunde, wala hauzidi hapo. Anayejiandaa kwa mapigano ya aina hiyo anahitaji kiwambo chenye ucheleweshaji mdogo kati ya kubonyeza kitufe na kuona pigo. 21:9 haimsaidii kwa lolote.

Kadi na kiwambo visipokwenda sambamba, nusu ya juu ya picha hutoka katika tukio moja na nusu ya chini katika lingine, na picha huonekana kana kwamba imepasuliwa. Dawa ya tatizo hili ni kiwambo kinachobadili kasi yake kufuata kadi. Nvidia ilitangaza mfumo wake wa G-Sync mwaka 2013, na ule wa AMD, FreeSync, ukafika kwenye viwambo vya sokoni mwaka 2015. Kwa mwenye tarakilishi ya uwezo wa wastani, sifa hii ina thamani kuliko inchi za ziada, kwa kuwa hufanya hata picha 50 au 55 kwa sekunde zionekane zimetulia.

Kuhusu ile milisekunde 1 inayoandikwa kwa wino mkubwa, inafaa kusomwa kwa tahadhari. Hupima muda ambao pikseli huchukua kubadili rangi katika hali teule iliyochaguliwa na mtengenezaji. Mara nyingi hali hiyo huacha vivuli vyeupe nyuma ya vitu vinavyokwenda, na mchezaji huizima siku hiyo hiyo.

AINA ZA PANELI

Kioo cha ndani, yaani paneli, huwa cha aina nne hasa. TN ni ya kale na ya bei rahisi. Ina kasi, lakini rangi zake hubadilika mtazamaji akiinuka au akikaa pembeni. IPS ina rangi zinazoaminika na huonekana vyema kutoka kila upande, ila weusi wake huelekea ukijivu, kwa kuwa tofauti kati ya weupe na weusi ni takriban 1,000 kwa 1. VA hufikia 3,000 kwa 1 au zaidi, hivyo usiku wa mchezoni huwa usiku kweli, lakini pikseli zake za giza hubadilika polepole na huacha uchafu wa kivuli nyuma ya vitu vya kasi. OLED ni ya bei ya juu. Kila pikseli hujiwashia na kujizimia nuru yake, kwa hiyo weusi wake ni mtupu na kasi yake haina mfano. Dosari yake ni kwamba picha isiyosogea, kama vile mstari wa vitufe ulio chini ya kioo, yaweza kuacha alama ya kudumu baada ya muda mrefu. Mwandishi wa tasnifu anayekaa saa sita mbele ya ukurasa ule ule ana sababu ya kulifikiria hilo.

Kwa viwambo vipana mno, pembe za mtazamo huwa na uzito zaidi, kwa kuwa kingo zake ziko mbali na macho. Ndiyo sababu vingi hupindwa. Alama ya 1800R humaanisha kwamba mpindo huo ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1,800, na 1000R ni mpindo mkali zaidi wa duara la mita moja. Mpindo hunufaisha mtu mmoja aliyeketi katikati. Marafiki watatu waliojazana kitandani kutazama hawapati faida hiyo.

MEZA, MACHO NA TASNIFU

Kabla ya kulipa, mnunuzi achukue utepe wa kupimia aipime meza yake. Sentimita 80 za kiwambo cha inchi 34 hufunika karibu meza nzima ya chumba cha bweni, na kikipindwa, mguu wake hudai nafasi ya mbele pia. Akilazimika kukaa karibu mno, atazungusha shingo kila mara kutazama ramani iliyo pembeni. Umbali wa urefu wa mkono, takriban sentimita 60 hadi 70, unafaa kwa inchi 24 hadi 27.

Tasnifu nayo ina madai yake. Ukurasa husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo msomaji huhitaji kimo. Kiwambo cha 16:10 humpa mistari michache zaidi kuliko cha 16:9 chenye upana sawa. Kile cha 21:9 kina fidia yake: huweza kubeba kurasa tatu sambamba, sura inayoandikwa, riwaya inayochambuliwa na kamusi. Anayefanya kazi ya namna hii kila siku ana hoja nzito ya kununua upana kuliko ile ya mchezo wenyewe.

DUKANI

Mnunuzi anayeingia maduka ya Luthuli au Moi Avenue jijini Nairobi atakuta vipya na vilivyotumika ng'ambo. Vilivyotumika si vibaya, mradi vipimwe. Aombe kiwambo kionyeshe rangi moja moja kwa kioo kizima: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kitone kisichobadilika ni pikseli iliyokufa, na doa la nuru kwenye weusi ni ishara ya paneli iliyobanwa. Aulize ni muda gani wa dhamana na nani atakayeitekeleza, na jibu liandikwe kwenye stakabadhi.

Matundu ya nyuma yatazamwe. HDMI ya toleo la 1.4 hupitisha 4K kwa hezi 30 tu, ya 2.0 hufikia hezi 60, na ya 2.1 hufikia 120. Kwa hezi nyingi, mara nyingi DisplayPort ndiyo njia salama. Baada ya kufika nyumbani, mipangilio ya tarakilishi ifunguliwe na kasi iwekwe, kwa sababu viwambo vingi vya hezi 144 huanza vikiwa vimewekwa kwenye 60, na wapo wanaokaa nazo mwaka mzima bila kujua. Mwisho, pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kifaa kidogo cha kuzuia mshtuko wa umeme ni sehemu ya bei ya kiwambo.

HITIMISHO

Imebainika kwamba upana haujitegemei. Hutegemea kadi itakayoujaza, mchezo utakaoukubali na meza itakayoubeba. Mpangilio unaopendekezwa ni huu: mnunuzi aorodheshe michezo mitatu anayoicheza zaidi na kuchunguza kama inaukubali upana, atambue kadi yake huchora picha ngapi kwa sekunde, kutokana na hayo aamue idadi ya pikseli, kisha hezi, kisha paneli, apime meza, na hapo ndipo auamue upana.

Kwa wengi wenye tarakilishi za wastani, mpangilio huu utawafikisha kwenye kiwambo cha inchi 24 cha 1920 kwa 1080 au cha inchi 27 cha 2560 kwa 1440, chenye paneli ya IPS na kasi inayofuata kadi. Kwa wachache wenye kadi ya nguvu, wanaopenda mbio za magari, urubani au ujenzi wa miji, na wanaofungua kurasa nyingi kwa pamoja, 21:9 itakuwa fedha iliyotumika vyema. Makundi yote mawili yatakuwa yamenunua kwa hesabu, na hapo muuzaji atakuwa amebakiwa na kazi moja tu, ya kupokea malipo na kuandika stakabadhi. Kupanga ni kuchagua, na mwenye kupanga hachaguliwi.